Mlango wa Nyuma wa Duka la Sufu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji wa Hathersby, Bwana Desmond Pickersgill; Kamanda wa Polisi wa jimbo letu; Kasisi Philippa; wanachama wa Ulinzi wa Jirani mliovaa vizibao vyenu vya kung'aa hata humu ndani, wageni mliotoka miji ya jirani na hata kusini mwa nchi, na kwa heshima ya pekee, mwenye siku yake, Bi Enid Tapsell, uliyeketi hapo mbele na mkoba magotini kama mtu anayesubiri basi:

Nitaanza na lile ambalo watu wa umri wangu huliweka mwisho, kisha wakafa kabla ya kulifikia. Nimeficha jambo. Tangu nilipokuwa Sajini wa kituo cha mji huu hadi asubuhi ya leo, nimelijua jina la mtu aliyesimama ukingoni mwa maji ya kinu, lile bwawa la kinu cha zamani cha kusagia nafaka, Jumapili ile ya mvua, yule ambaye Bi Enid alimuuliza swali lililoandikwa kwenye mabango mliyoyafunika shuka pale mlangoni. Nimeulizwa jina hilo mara nyingi. Kila mara nilijibu kwamba mtu huyo hakupatikana. Nilisema uongo. Leo nitalitaja, na nitalitaja kabla ya chai, Bwana Mwenyekiti, kwa hiyo usiitazame saa yako.

Mtaniwia radhi nizungumze nikiwa nimeketi. Daktari amenikataza kusimama, na kwa tabia yake ya kusema bila kusema ameniambia nisinunue mbegu za maua ya mwakani. Ndiyo maana nilipoombwa kutoa hotuba ya kumuaga Bi Enid, anayefunga duka lake la sufu na vifungo baada ya maisha mazima nyuma ya meza ile, nilikubali haraka kuliko ilivyo desturi yetu. Mtu akiombwa jambo katika mji huu hukataa kwanza mara mbili. Mimi sikuwa na muda wa kukataa.

Ndugu zangu, Kamanda ametusomea takwimu. Ametuambia kwamba katika orodha ya uhalifu ya jimbo zima sisi ni wa mwisho tena, na tumekuwa wa mwisho kwa muda mrefu hivi kwamba makao makuu waliwahi kupiga simu kuuliza kama kituo chetu bado kipo. Wizi wa majumbani, karibu hakuna. Uvunjaji wa maduka, hakuna. Mnapiga makofi, nami napiga pamoja nanyi. Lakini niwaulize: mnajua kweli kwa nini? Walikuja wataalamu hapa, mnawakumbuka, profesa na wanafunzi wake. Walipima mwanga wa taa za barabarani. Walihesabu mbwa. Walituuliza kama tunafunga madirisha, na Bwana Clive Ockenden, ambaye leo ni mwenyekiti wa Ulinzi wa Jirani, akawajibu, "Inategemea nani anauliza." Wakaondoka na makaratasi yao bila kujua lolote. Siwacheki. Mimi nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka thelathini, nimelala nalo na kuamka nalo, na bado linanistaajabisha kama mtoto anayeona theluji kwa mara ya kwanza.

Ili mlielewe, sina budi kuwarudisha kwenye saa.

Tazameni pembe ile, nyuma ya kiti cha Kasisi. Rangi ya ukuta pale imekoza kwa umbo la mlango mwembamba. Wengi wenu mliozaliwa baadaye mmedhani ni unyevu. Pale ilisimama saa ndefu ya mbao, kimo cha mtu, iliyowahesabia babu zetu muda wao. Adhuhuri moja ya siku ya soko, kiangazi, waliingia wanaume wawili wenye maovaroli ya kahawia, wakaisogeza, wakaibeba, wakaondoka nayo. Hawakuvunja kitu. Hawakumtisha mtu. Kina mama waliokuwa wakiandaa chai waliwapa chai. Clive, wakati huo akiwa na bucha, aliwaazima kamba. Bi Enid alitoka dukani na kipande cha blanketi ili mbao isichubuke. Na Sajini wa mji, mwenye sare na kofia na vifungo vilivyosuguliwa, aliwashikia mlango. Kisha akaingia katikati ya barabara, akainua mkono, akasimamisha magari ili wavuke salama. Mmoja wa wale wezi, jasho likimtiririka, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Asante sana, Sajini. Polisi wote wangekuwa kama wewe, kazi yetu ingekuwa rahisi."

Nikamjibu, "Karibuni tena."

Chekeni, chekeni. Mna haki. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyewauliza wanakoipeleka saa? Mnajua kwa nini. Kwetu kumuuliza mtu mzima asiyekujua "unafanya nini hapa?" ni sawa na kumuuliza mshahara wake. Kila mmoja alidhani mwingine ameshauliza. Mji mzima uliibiwa kwa adabu.

Mkuu wangu wa makao makuu aliniita. Mimi nilikuwa nimesoma chuo kikuu, historia ya watu wa kale, na kwa sababu hiyo kituoni waliniita Profesa. Akasema, "Profesa, najua mwizi hakamatwi kwa Kilatini. Lakini pia hafunguliwi mlango." Gazeti lilichora katuni. Watoto wakiniona njiani waliinua mkono na kunisimamishia magari ambayo hayakuwapo. Nami nilicheka nao, kwa kuwa ni jambo la kuchekesha. Ila mke wangu Sylvia alikuwa amefariki majira ya kuchipua ya mwaka uleule. Jambo la kuchekesha linahitaji kupelekwa nyumbani. Unalibeba tangu mchana, unalipanga njiani, unafungua mlango ukijua utakaloanza nalo. Mimi nilifungua mlango, na nyumba ilikuwa kimya, nami nikabaki nimelishika.

Nisiende mbali. Tufike Jumapili ile.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka uleule, alasiri, mvua ya kwetu isiyonyesha wala kukoma. Maduka yamefungwa. Bi Enid alikuwa peke yake dukani akitenganisha vifungo, kazi ambayo ameniambia ndiyo sala yake. Akainua macho, akaona kupitia dirisha la nyuma mtu amesimama ukingoni mwa maji ya kinu, hana mwavuli, amewapa watu wote mgongo. Akatoka. Miwani yake aliiacha mezani juu ya vifungo. Alimwambia mtu yule maneno, mtu yule hakujibu, na baada ya muda mtu yule akarudi nyuma kutoka ukingoni, akashika njia ya juu, akaenda zake.

Hilo ndilo lililotokea. Sasa sikieni lilivyokuwa kesho yake asubuhi, Clive alipoingia dukani kununua kamba za viatu na Bi Enid akamsimulia. Mazungumzo haya niliyapata kwa wote wawili, na hayatofautiani.

"Mwizi huyo!" alisema Clive.

"Mwizi wa nini, Clive? Wa maji?"

"Alikuwa anapeleleza mlango wako wa nyuma."

"Alinipa mgongo mimi na mlango wote wawili."

"Ndio ujanja wenyewe! Mwizi gani atakutazama usoni?"

"Wale wa saa walitutazama usoni, na wewe ukawapa kamba."

Naona Clive anatikisa kichwa. Usikatae, Clive, ulisema. Kabla ya saa sita mchana mji wote ulijua kwamba Bi Enid Tapsell amemkabili mwizi mikono mitupu na kumtimua. Mji uliokuwa umechekwa jimbo zima ulihitaji habari hiyo kama mgonjwa anavyohitaji mchuzi. Na kwa kuwa lilikuwa jambo la polisi, Sajini aliitwa kuchukua maelezo.

Nilivua kofia, nikaketi kwenye kile kiti ambacho wateja huketi wakichagua rangi. Nikamuuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Sikuwa na miwani, Sajini. Ningekutana na ng'ombe ningemwamkia nikidhani ni kasisi."

"Mrefu? Mfupi?"

"Amelowa."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, 'Naweza kukusaidia, bata wangu?'"

Wageni wetu mliotoka kusini, msishangae. Huku kwetu mtu humwita mwenzake bata wangu, awe dereva wa basi au jaji, na hakuna anayeona amedharauliwa. Ni neno la jikoni. Ni neno la mtu anayekusogezea kiti.

"Naye akajibu nini?"

"Hakujibu. Nikamwambia mlango wangu wa nyuma uko wazi na maji yanachemka, aje akitaka. Nikasimama naye. Sikujua la kusema zaidi, kwa hiyo nikasimama tu. Mwisho akaondoka. Sikumfuata, Sajini. Nilikosea?"

"Hukukosea."

"Mtamtafuta?"

"Tutamtafuta, Bi Enid."

"Si kumkamata. Mimi sina shtaka na mtu. Nataka kujua tu kama alifika kwao."

Ndugu wageni waalikwa, nimewahi kuchukua maelezo ya watu wengi: waliopigwa, walioibiwa, walioapa uongo huku wakinitazama kwenye paji la uso. Hakuna maneno yaliyonielemea kama hayo. Alikuwa amesimama mvuani na mtu asiyemjua, asiyemwona vizuri, asiyemjibu, na lililomkosesha usingizi ni kama mtu huyo alifika kwao.

Siku chache baadaye mji ulikutana humu ukumbini. Viti havikutosha. Wakaniomba niwaeleze kilichotokea, nami nikasimama pale alipoketi Kamanda leo, nikawaeleza. Nikasema: Bi Enid aliona mtu asiyejulikana, akatoka, akamuuliza, "Naweza kukusaidia?", na mtu yule akatoweka. Nikaishia hapo.

Mmeona nilichofanya? Neno la mwisho niliacha. Mlango ulio wazi niliuacha. Maji yanayochemka niliyaacha. Sikupanga hivyo. Nilifika kwenye lile neno dogo la jikoni, na ulimi wangu haukukubali kulitamka mbele ya watu. Nilijua nikilitamka sauti yangu itanifichua. Nikameza. Na mlichobaki nacho ninyi kilikuwa swali lenye meno.

Clive akaruka juu kama aliyekalia sindano. "Basi na sisi tuulize! Kila mtu! Kila mgeni!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na hapo, ndugu zangu, ndipo ninaposhikwa na mshangao hadi leo. Maana swali lile lilikuwa limetengenezwa kwa ajili yetu. Sisi tuliokuwa hatuwezi kumuuliza mtu anakwenda wapi na saa yetu, tulikuwa tumepewa njia ya kuuliza kila kitu huku tukionekana wakarimu. Tangu siku ile hakuna mtu aliyesimama kwenye kona ya Hathersby kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu bila kuulizwa, "Naweza kukusaidia?"

Mnamkumbuka yule wa paa la kanisa? Wageni wetu hawamjui, kwa hiyo acheni niwasimulie. Alikuja kuiba mabamba ya risasi, ile metali nzito inayozuia mvua paani, kama wanavyoyaiba kwenye makanisa ya nchi nzima. Mchana kweupe, na ngazi yake. Clive akapita chini, akapaza sauti, "Naweza kukusaidia?"

"Natengeneza paa, mzee."

"Hatimaye!" Clive akasema. "Tumeomba fundi miaka nenda rudi! Linavuja juu ya kinanda, usilisahau hapo!" Akaenda kumwita kasisi wa wakati ule, aje amshukuru. Kasisi akaja na biskuti. Wakaja kina mama wa kwaya. Akaja mtu na ngazi bora kuliko yake. Kila aliyefika alimuuliza kama anahitaji msaada, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake inayovuja ya kumwonyesha. Yule kijana akashinda juu ya paa siku nzima akigonga misumari, maana hakuwa na njia ya kushuka bila kujifichua. Jioni alishuka, akapewa chupa ya mvinyo wa matunda, akaondoka bila hata kipande cha risasi. Na paa lile halijavuja tena juu ya kinanda.

Nilimtambua baadaye kwa picha, miji mingine ilipokuwa ikimtafuta. Sikusema kitu. Ningesema nini? Kwamba alikuja kuvunja akatengeneza?

Basi wizi ukapungua, kisha ukakoma. Watu walioishi ukuta kwa ukuta bila kujuana majina walijuana. Mzee akikawia kufungua mapazia asubuhi, kuna aliyegonga. Sijui kama mnaelewa jambo hili ni kubwa kiasi gani. Mimi nimesoma habari za miji ya kale iliyojenga kuta nene kama nyumba na bado ikaibiwa. Mji huu ulijilinda kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ilitoka kinywani mwa mwanamke aliyekuwa amesahau miwani.

Ndipo nikawa mfungwa wa ukimya wangu. Mwanzoni nilinyamaza kwa aibu, na kwa hofu ya kazi. Enzi zile Sajini angenyang'anywa kofia kwa jambo dogo kuliko hili. Baadaye nilinyamaza kwa sababu ya pili, nayo ilinipendeza zaidi kwa kuwa ilifanana na busara. Nilijiambia: watu wanapona kwa dawa hii, wewe ni nani uwaambie chupa ina maji? Nikiwaambia kwamba pale kwenye kinu hapakuwa na mwizi yeyote, wataacha kuuliza. Na wakiacha kuuliza, saa nyingine itabebwa.

Lakini Bi Enid hakuacha kuuliza pia, na yeye alikuwa akiniuliza mimi.

Kila Krismasi ilipokaribia niliingia dukani kwake. Nilinunua sufu. Sijui kufuma, vidole hivi havikuwahi kukutana na sindano isipokuwa za hospitali. Nilinunua kwa kuwa nilihitaji sababu ya kusimama mbele yake, nikiamini kwamba safari hii nitasema. Nyumbani nina sufu za kuwavisha upya kondoo wote wa jimbo. Naye akiifunga kwenye karatasi aliuliza, bila kuinua macho, "Yule mtu wetu, Sajini? Hakuna habari?"

"Hakuna, Bi Enid."

"Labda ni vizuri. Angekuwa amezama mngempata."

"Labda."

"Labda," alisema, na kuvuta uzi, na kukata.

Na kuna hili, ambalo wengi wenu hamlijui, au mmelijua mkadhani ni usahaulifu wa uzee. Katika mji wote huu wenye makufuli na kengele na taa zinazowaka paka akipita, kuna mlango mmoja ambao kila Jumapili alasiri huachwa wazi. Ni mlango wa nyuma wa duka la sufu. Nilipokuwa kazini nilikwenda kumwonya, kwa kuwa ilinibidi.

"Bi Enid, wewe ndiye tunayemtolea mfano. Na mlango wako hauna hata komeo."

"Huenda akarudi."

"Nani?"

"Yule. Nilimwambia uko wazi. Mtu ukimwambia mlango uko wazi, usimkute umefunga."

"Na wezi?"

"Watachukua nini, vifungo? Wakaribie, ninavyo vingi."

Nikarudi kituoni. Nilisoma vitabu vingi katika maisha yangu nikitafuta maana ya wema, na wema ulikuwa hatua chache kutoka kituoni, umeegemeza mlango kwa kiti. Na mimi, niliyeweza kuufunga kwa neno moja, niliuacha ukimpulizia baridi miguuni kila Jumapili ya majira ya baridi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikutaka kuharibu sherehe, lakini nitasema na hili. Majira ya baridi yaliyopita nililazwa kwenye ile hospitali yetu ndogo kilimani, kitanda cha dirishani. Asubuhi moja nilimwona mwanamume ameketi ndani ya gari lake nje, mikono juu ya usukani. Mmoja wetu akapita akagonga kioo. "Naweza kukusaidia?" Akatikisa kichwa. Akapita wa pili, akagonga. Wa tatu alizunguka gari akitazama namba zake. Wa nne alipogonga, yule bwana aliwasha gari akaondoka kasi. Muuguzi akatoka mbio, ameshika koti la kike mkononi, akabaki amesimama mlangoni nalo. Mama yake yule bwana alikuwa ameaga dunia alfajiri ile. Alikuwa ameketi tu, akijaribu kupata nguvu ya kuendesha.

Siwalaumu waliogonga. Waligonga kama nilivyowafundisha mimi, kutoka jukwaa hili. Niliwapa sentensi niliyoikata mkia. Na sasa kwenye mabango yale, chini ya maneno ya Bi Enid, kumechorwa jicho. Limechorwa vizuri, lilinifanya hata mimi nipapase mifuko yangu. Lakini niwaulizeni: mtu aliyepotelewa, akiingia mji huu akalisoma swali lile na kulitazama jicho lile, ataelewa kwamba anakaribishwa, au kwamba anafukuzwa?

Wiki iliyopita Bi Enid alikuja kunitembelea kwenye makao ya wazee. Aliniletea keki ya tangawizi ambayo siruhusiwi kula, tukala. Akaniambia duka limepata mnunuzi, mume na mke, watu wema, wataweka ofisi ya kompyuta na kufuli ya kubonyeza namba. Akakusanya makombo ya keki. Kisha akasema, "Sajini, nina wasiwasi mmoja tu. Nani atamwachia mlango?"

Nilijifanya nakohoa. Kwa mgonjwa kama mimi hilo si gumu. Akanipa maji, akanipangusa kidevu, akasema, "Pole, bata wangu," na mimi, ndugu zangu, nililia mbele yake nikamwambia ni kifua.

Basi ndiyo maana nipo hapa na si kitandani. Nimemsikia Bwana Mwenyekiti akimsifu Bi Enid kwa ushujaa wa kumtimua mwizi, na nimemsikia Bi Enid akinong'ona, kama anavyonong'ona kila anaposifiwa hivyo, "Sikumtimua mtu." Mmecheka, mkasema ni unyenyekevu wake. Si unyenyekevu. Ni ushahidi. Yeye peke yake katika ukumbi huu amekuwa akisema kweli muda wote huu.

Hakumtimua mtu. Aliyesimama pale hakuwa mwizi. Alikuwa amekwenda ukingoni pale akiwa ameazimia kutorudi. Akasikia nyuma yake mtu akimwita kwa neno la jikoni. Hakugeuka, kwa kuwa angegeuka angeonekana uso. Alitazama chini kwa pembeni, akaona miguu ya mwanamke. Ilikuwa imevaa sapatu za nyumbani, za bluu, zenye manyoya, zimelowa chapa, na ya kushoto imetoboka kidoleni. Jambo hilo la sapatu, Bi Enid, hukuliweka kwenye maelezo yako, na hukuwahi kumwambia Clive. Mtu yule alizitazama. Akawaza kwamba mwanamke huyu atapata mafua kwa ajili yake. Akawaza kwamba hataondoka hapa mpaka yeye aondoke kwanza. Hakuwaza jambo lolote kubwa kuliko hayo. Akarudi nyuma, akaondoka, ili ukaingie ndani ukakaushe miguu.

Nawashukuru nyote. Nakushukuru, Kamanda, kwa takwimu zako, ambazo ni za kweli. Nakushukuru, Clive, kwa kuwa umeulinda mji huu kwa roho yako yote juu ya habari niliyokupa nusu. Endelea kuuliza, lakini malizia sentensi. Bwana Mwenyekiti, bango lina nafasi ya kutosha pale lilipo lile jicho. Mmenivumilia kwa utulivu ambao sikuustahili, nami sina deni tena kwenu ila kwa mtu mmoja.

Bi Enid. Uliuliza kama alifika kwao. Alifika. Alibandika maji, akanywa chai bila maziwa kwa kuwa hakuwa amenunua maziwa. Akalala na viatu. Kesho yake alivaa kofia yake, akaja dukani kwako, akaketi kwenye kile kiti cha kuchagulia rangi, akakuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Jumapili hii unaweza kufunga mlango. Mtu yule ni mimi.